Negativu za 120 zinabinuka kwenye skana: pembeni kali, katikati ukungu. Wazoefu nisaidieni

#1 MtotoWaStudio

Habari za jioni wakuu.

Marehemu mzee wangu alikuwa na studio ya picha Ngamiani, Tanga, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 mpaka zilipoingia mashine za kusafisha picha za rangi kwa saa moja zikammaliza. Kaacha makopo matano ya biskuti yamejaa negativu, karibu zote nyeusi na nyeupe, 120 (filamu pana ya roli), sentimita sita kwa sita, zimekatwa vipande vya picha tatu tatu na kufungwa kwa karatasi ya siagi na uzi. Mama kaniambia nizifanyie kitu kabla mende hawajanitangulia.

Nimejipatia skana ya Epson V600 ya mtumba, imekuja na fremu yake ya plastiki. Nikiweka kipande kinabinuka kama ganda la ndizi lililoachwa juani. Nabana kingo, tumbo linashuka. Kuna picha moja ya bibi harusi kakaa kwenye kiti cha studio. Mkeka ulioko chini nahesabu ukili mmoja mmoja, pazia la pembeni naona mpaka mshono. Uso wake, ambao ndio picha yenyewe, kama umepigwa ndani ya mvuke wa sufuria.

Nimepandisha dpi (idadi ya nukta kwa inchi) kutoka 2400 mpaka 6400, faili limekuwa kubwa la kutisha na uso uko vile vile. Tatizo ni skana, fremu au negativu zenyewe?

#2 Kasuku wa Mtaa

Natia nanga hapa nisome.

Ila mkuu, kitu kilichojikunja si kinapigwa pasi? Weka kitambaa juu, moto wa hariri, dakika moja umemaliza.

#3 Fundi Taa Nyekundu

Kasuku, usimponze mtoto wa watu. Pasi ikigusa pale, jelatini inalainika na plastiki inajikunja upya kwa namna yake, na hapo hakuna tena cha kuskani.

Mtoa mada, mimi nimeshinda chumba cha giza miaka 22, ngoja nikueleze taratibu. Negativu ni vitu viwili vilivyogandana: plastiki, na juu yake dawa, yaani jelatini yenye chembe za fedha zinazofanya picha. Jelatini inatokana na ngozi na mifupa ya wanyama. Inakunywa unyevu inavimba, ikikauka inasinyaa. Plastiki haisinyai kiasi hicho. Kwa hiyo hewa ikikauka dawa inavuta, plastiki inagoma, na kipande kizima kinakunjamia upande wa dawa. Viwanda vinalijua hilo, ndiyo maana filamu nyingi za 120 zimepakwa jelatini nyingine mgongoni ili pande mbili zivutane sawasawa. Lakini plastiki ya 120 ni nyembamba kuliko ya filamu ndogo ya milimita 35, karibu sehemu moja ya kumi ya milimita tu, na miaka 50 ndani ya kopo la biskuti si mchezo.

Sasa angalia kipande chako kinapinda vipi, maana kuna namna mbili. Kuna kujiviringa kwa urefu, kama mkeka uliokunjwa. Hiyo ni tabia ya kukaa kwenye roli na ina dawa: unakiviringa kinyume, upande wa dawa uwe nje, unakiacha siku nzima. Kuna kupinda kwa upana, kuwa kama mfereji, kingo juu tumbo chini. Hiyo ndiyo inayokusumbua, na kuviringa kinyume hakuigusi. Inataka uzito na subira: kila kipande kwenye bahasha yake safi, weka kati ya vitabu vizito wiki mbili tatu. Usitumie gazeti, wino utakuhamia. Na zile bahasha laini za PVC zinazonuka plastiki kali, ziache.

Swali: ukungu unaousema ni wa fokasi tu, au na ule wa kuvu upo? Tanga naijua.

#4 MtotoWaStudio

Shikamoo mzee. Nimeelewa kuliko video zote nilizoangalia.

Ni mfereji kabisa, kwa upana. Na sasa umenishtua: kuna vipande kama kumi vina alama za utando wa buibui upande usiong'aa. Nilikuwa nimeshaandaa beseni nivioshe upya kesho, nivianike vikiwa na vibanio vizito chini, nikidhani ndiyo njia ya kuvinyoosha.

#5 DadaNyaraka

Kaka, mwaga hayo maji!

Kuosha upya na kuanika na uzito chini ni njia halali kwa negativu nzima. Kwenye kuvu ni maafa. Kuvu anakula jelatini na kuiacha katika hali ya kuyeyuka majini. Utaingiza kipande kina picha, utatoa plastiki tupu. Vipande hivyo vitenge, viweke pakavu, viskani jinsi vilivyo na alama utazifuta kwenye kompyuta.

Ukiwa hapo hapo, zima ile Digital ICE ya kuondoa vumbi. Inatumia mwanga wa infraredi, na fedha iliyomo kwenye negativu nyeusi na nyeupe inauziba mwanga huo kama uchafu. Mashine inaona picha yako yote ni vumbi na kuanza kuitia viraka. Vumbi liondoe kwa pampu ya mkono kabla ya kufunga kifuniko.

#6 Fundi Taa Nyekundu

Marahaba mwanangu. Msikilize dada, kwenye kuvu kanizidi.

#7 Nahodha wa Mvita

Salaam kutoka Mombasa. Mimi sikungoja vitabu. Nilienda kwa fundi wa vioo, akanikatia kioo cha milimita 2, nikalaza negativu juu ya kioo cha skana na kuikandamiza na hicho. Ikanyooka kama kaunta ya benki. Furaha ikadumu dakika tatu, maana picha ilitoka na miviringo ndani ya miviringo, kama tone la mafuta ya gari kwenye dimbwi. Nimesafisha kioo kwa kila kitu nyumbani isipokuwa siki. Haitoki.

#8 DadaNyaraka

Haitoki kwa sababu haipo kwenye kioo, ndugu yangu. Hiyo ni miviringo ya Newton, huyo huyo wa tufaha. Nyuso mbili laini zikikaribiana sana bila kugusana sawasawa, mwanga unadunda kwenye zote mbili, na mawimbi yanayorudi yanasaidiana mahali pamoja na kuuana mahali pengine. Ule upenyo wa hewa ni mwembamba kiasi cha urefu wa wimbi la mwanga. Kadiri unavyokandamiza unazidi kuichora.

Lakini shika negativu uielekeze dirishani kwa mshazari. Upande mmoja unang'aa kama kioo, huo ni mgongo. Upande wa pili umefifia kidogo, hiyo ndiyo dawa. Miviringo inapenda mgongo. Upande wa dawa una mparuzo mdogo usioonekana kwa macho, kwa hiyo mara nyingi hauitengenezi. Kwa hiyo upande unaogusa kioo cha kawaida uwe wa dawa. Picha itatoka imegeuka kama kwenye kioo cha kunyolea, unaigeuza kwa kubofya mara moja.

Upande wa mgongo, kama lazima uguswe na kioo, tafuta kioo maalumu kilichoparuzwa kwa tindikali ili kisiwe laini kabisa. Zile fremu za skana za Epson V800 na V850 zina vipande vya namna hiyo vya akriliki. Vinauzwa pia peke yake, ila bei yake ukae chini kwanza.

#9 Fundi Taa Nyekundu

Bei ya nini? Mtoa mada, mzee wako alikuwa na mashine ya kukuzia picha? Fungua sehemu inapowekwa negativu. Mashine nyingi za wakati huo zilikuwa na vioo viwili pale, na cha juu ndicho hicho anachokisema dada. Kiinamishe kwenye mwanga: kikionekana kama kimepumuliwa pumzi na hakifutiki, umeshinda.

#10 MtotoWaStudio

Mzee, nimepanda darini na tochi ya simu. Mashine ipo, imefunikwa gunia. Kioo kipo! Kina pumzi isiyofutika. Na pembeni kuna alama ya kidole gumba cha rangi ya chai, nimeiangalia kwa muda kabla ya kuiosha.

Nimefanya hivi: dawa chini, kimelala moja kwa moja kwenye kioo cha skana, juu nimeweka kile cha mzee. Miviringo hakuna. Kipande kimenyooka sawasawa. Lakini sasa:

1. Picha nzima imekuwa na ukungu, pembeni na katikati. Angalau awali mkeka ulikuwa mkali.
2. Kuna mistari ya rangi inayoshuka kutoka juu hadi chini.

Nimechanganyikiwa.

#11 Kasuku wa Mtaa

Pasi ingekuwa imeshamaliza 😂

#12 Fundi Taa Nyekundu

Mistari ni rahisi. Kila unapoanza, skana inajipima taa yake kupitia kipande cha nafasi tupu kilichoko mwanzo wa kioo. Angalia fremu yako ya plastiki, utaona tundu refu pale juu ambalo halina kazi ya negativu. Kioo chako kimeifunika nafasi ile, mashine ikajipima kwa kivuli. Kisogeze.

Ya kwanza ndiyo kubwa, na ndipo wengi wanapopigana na adui asiye wake. Kunyooka na kuwa kwenye kimo sahihi ni mambo mawili. Lenzi ya V600 haisogei, imefungwa iangalie kimo kimoja. Fremu inainua negativu juu ya kioo kwa makusudi. Wewe umeinyoosha vizuri sana, halafu ukailaza mahali ambapo kwenye mashine yako lenzi haiangalii.

V700 na V750 zina lenzi mbili, moja ya vitu vinavyolala kwenye kioo na moja ya vile vinavyoinuliwa na fremu, na chini ya fremu kuna vipande vidogo vya kubadilisha kimo, 2.5, 3 au 3.5 milimita. V850 ina vitelezi. Yako haina kitu, utajitengenezea.

Chukua karatasi za fotokopi, gramu 80. Rimu ya karatasi 500 ina unene wa kama sentimita 5, kwa hiyo karatasi moja ni sehemu moja ya kumi ya milimita. Hiyo ndiyo rula yako. Kadi ya benki ni robo tatu ya milimita ukitaka kuruka haraka. Kata vipande vya karatasi, viweke chini ya pembe nne za fremu, skani, ongeza kimoja, skani tena. Tumia kipande kimoja kile kile, chenye kitu chembamba: nywele, kope, maandishi. Zima ukalishaji wa programu (sharpening, ule wa kuifanya picha ionekane kali), usijidanganye nao. Ukipata kimo, kiandike kwa kalamu juu ya fremu na usirudi nyuma.

#13 Mtoto wa Malindi, Maskati

Assalaam aleykum. Nimefuata uzi huu kimya kimya kwa siku mbili. Nina za bibi yangu, za Unguja, kabla hatujahamia huku Omani. Baadhi zilipigwa Capital Art Studio ya mzee Ranchhod Oza, waliokulia Mji Mkongwe wanaijua, ilifunguliwa 1930.

Mimi zilikuja kutoka Unguja zimelala vizuri tu. Nimeziweka chumbani na kiyoyozi kinaunguruma usiku na mchana, baada ya mwezi zimekuwa mirija. Kwa maelezo ya Fundi sasa nimeelewa: kiyoyozi kimezikamua. Nizirudishie unyevu? Jirani kaniambia nizitie bafuni maji ya moto yakitiririka.

#14 DadaNyaraka

Waaleykum salaam. Bafuni hapana, mvuke unaganda matone juu ya dawa. Zima kiyoyozi chumba kile, ziache kwenye bahasha zake siku chache zizoee hewa yenyewe, kisha chini ya vitabu. Kwa kuhifadhi muda mrefu ukavu ni bora, hifadhi nyingi za nyaraka zinalenga unyevu wa asilimia 30 hadi 50. Kwa siku ya kuskani tu unataka zilegee kidogo.

Za zamani hizo angalia na ukingoni kama kuna neno SAFETY. Zisizo nalo za kabla ya miaka ya 1950 zinaweza kuwa nitrati, ambayo inashika moto vibaya. Weka mbali na moto na usizifungie ndani ya kopo.

#15 Nahodha wa Mvita

Nimegeuza upande, dawa chini. Miviringo kwisha! Asante dada.

Sasa nimesoma mahali kuna watu wanalaza negativu kwenye kimiminika, inang'ang'ania kioo yenyewe. Nyumbani nina mafuta ya taa na kile kiondoa rangi ya kucha cha mke wangu. Nijaribu kipi?

#16 DadaNyaraka

Usijaribu kimojawapo, na kiondoa rangi kirudishe kwa mwenyewe. Vingi vyake ni asetoni, na asetoni inalainisha na kuharibu asetati, yaani plastiki ya negativu yako. Utabaki na plastiki iliyoharibika.

Njia yenyewe ni ya kweli na inatoa matokeo mazuri sana, inaficha hata mikwaruzo kwa sababu kimiminika kinajaza mabonde. Lakini ina vimiminika vyake vinavyokauka bila kuacha alama, na karatasi nyembamba ya poliesta ya kufunika juu. Ukimwaga zaidi, kinapenya kwenye kingo za kioo na kuingia ndani ya mashine. Kwa makopo ya biskuti yaliyojaa, sikushauri.

#17 MtotoWaStudio

Wakuu, mrejesho.

Nimekaa jana kutwa. Nimekata fremu nyingine kwa kadibodi ya kiatu, nikaibandika kioo cha mzee juu kwa utepe wa karatasi. Negativu inaingia dawa chini. Kumbe mpangilio huu una faida ambayo hamkunitajia: dawa ikiwa chini kipande kinakuwa kama mtumbwi uliopinduliwa, mgongo juu. Kingo zinakaa kwenye kadibodi, kioo kinashusha mgongo kwa uzito wake tu. Sibani chochote.

Nikaanza karatasi. Kope za bibi harusi ndizo zilikuwa kipimo. Karatasi 0, ukungu. 4, ukungu kidogo. 8, naona kope. 10, kope na hina ya vidole. 12, zinaanza kupotea tena. Nikarudi 9, nikarudi 11, nimemaliza na 10. Hii ni kwa skana yangu na kadibodi yangu, msije mkaninukuu. Nikarudia jaribio lile la dpi: 2400 na 6400, tofauti siioni, ila faili ni mara saba ya ukubwa. Nabaki 2400.

Uso umetoka. Ana kidoti cha wanja shavuni ambacho kwenye skani ya kwanza hakikuwepo kabisa. Mama kavaa miwani, kaangalia, kasema huyu si bibi harusi, ni dada yake, bibi harusi alikataa kukaa kwenye kiti kile. Sijui hadithi yake, nimemwachia aikumbuke taratibu.

#18 Fundi Taa Nyekundu

Safi sana. Hiyo ya mtumbwi kupinduliwa nilikuwa najua ila sikuwahi kuisema kwa maneno.

Futa kioo cha mzee kila baada ya vipande vitano. Sasa una nyuso nne za kukamata vumbi badala ya mbili, kioo kina gharama yake.

#19 MtotoWaStudio

Sawa mzee.

Kuna jambo jingine. Nimefungua kopo la tano leo. Harufu imenipiga kama nimefungua chupa ya achari. Vipande vya humo havina mfereji, vina mawimbi, na kwenye viwili dawa imeinuka mistari mistari kama ngozi ya maziwa yaliyopoa. Niviweke chini ya vitabu?

#20 DadaNyaraka

Hapana! Hiyo ni siki kweli, si mfano. Asetati inaoza na kutoa asidi ya siki, plastiki inasinyaa, na mara hii ni yenyewe inayopungua chini ya dawa, ndiyo maana dawa inakosa pa kukaa na kuinuka. Ukikandamiza, ile mistari itapasuka. Mvuke wake pia unachochea za jirani, kwa hiyo kopo hilo litoke chumba walichomo wenzake leo hii, na usilifunge kwa kubana. Kioo cha juu usikitumie hapo. Zilaze kwenye kadibodi tupu, skani mara mbili, mara karatasi 8 mara karatasi 12, halafu unganisha sehemu kali za kila moja kwenye kompyuta. Anza nazo kabla ya makopo mengine yote. Yale manne yanaweza kungoja.

#21 MtotoWaStudio

Nimelitoa. Liko veranda ya nyuma, kwenye kivuli, kifuniko kimeegeshwa.

Saa hizi ni saa nane usiku, nimemaliza vipande 14. Cha tisa kilipasuka nikikitoa kwenye karatasi ya siagi, kilikuwa kimegandana nayo, nikaskani nusu mbili. Vimebaki 31.